Euro 1,400 mjini Madrid: ngapi zinaingia mkononi, ngapi zinabaki

Swali: Mimi ni mpishi hapa Mombasa. Nimepata mkataba wa kazi katika hoteli moja mjini Madrid, mshahara euro 1,400 kabla ya makato, unalipwa mara 14 kwa mwaka. Hoteli haitoi nyumba. Nataka kumtumia mama euro 400 kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza. Je, inawezekana? Na niondoke na pesa ngapi mkononi?

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe. Euro 400 kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza haziwezekani kwa mshahara huo, labda ukope au ulale vibaya. Euro 150 hadi 200 kuanzia mshahara wa nne zinawezekana kabisa, na Juni na Desemba unaweza kutuma zaidi ya hapo. Mkononi ondoka na euro 2,200, tiketi ya ndege na viza ukiwa umeshazilipia kando. Hesabu yake ni hii, kwa bei za 2025.

Tuanze na karatasi ya mshahara, ambayo Wahispania huiita nómina, maana hapo ndipo hesabu za wengi huharibika hata kabla hawajapanda ndege. Euro 1,400 mara 14 ni 19,600 kwa mwaka. Si mshahara mbaya kwa anayeanza: kima cha chini cha kisheria kwa 2025 kilikuwa euro 1,184 mara 14 kwa kazi ya muda kamili, kwa hiyo uko juu yake. Lakini mwaka una miezi 12. Yale malipo mawili ya ziada huja karibu na Juni na karibu na Krismasi, na hujengeka kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Ukianza Septemba mosi, usitarajie Desemba upate 1,400 nzima. Utapata sehemu ya miezi uliyofanya kazi. Hoteli nyingine huyagawanya malipo hayo ndani ya miezi 12, na kwenye mkataba utaona maneno pagas prorrateadas. Hapo kila mwezi mshahara utakuwa kama 1,633 kabla ya makato, na hakuna kitu cha ziada mwisho wa mwaka. Jumla ni ileile, ila bajeti si ileile. Uliza sasa, kwa barua pepe, ujibiwe kwa maandishi.

Makato ni mawili. La kwanza ni la hifadhi ya jamii, ambalo kwa mwenye mkataba wa kudumu lilikuwa asilimia 6.48 kwa 2025. Hili hukatwa kwenye 1,633, si kwenye 1,400, kwa sababu sehemu ya malipo ya ziada imeshaingizwa kwenye hesabu ya kila mwezi. Ni kama euro 106. Faida yake utaiona Juni na Desemba: malipo ya ziada hayakatwi tena hifadhi ya jamii.

La pili ni kodi ya mapato, IRPF, na hili ndilo linaloweza kukuyumbisha. Kwa mtu asiye na watoto, kwa mshahara wako, mwajiri atakata kama asilimia 9 mwaka ukiwa kamili. 1,400 ukitoa 106 na 126, mkononi inaingia kama euro 1,170. Hiyo ndiyo namba ya kujengea maisha yako. Isahau 1,400.

Ila mwaka wa kwanza hauendi hivyo. Idara ya mishahara inaweza kukuhesabu kama mtu asiye mkazi wa Hispania, na mtu asiye mkazi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hukatwa asilimia 24 moja kwa moja. Hapo mkononi unapata kama euro 960. Ukifika mapema katika mwaka na utakaa zaidi ya siku 183 ndani ya mwaka huohuo wa kalenda, wewe ni mkazi. Kuna fomu ya mamlaka ya kodi inayoitwa modelo 147, ya kuwajulisha kwamba umehamia kwa ajili ya kazi, ili mwajiri akukate kama mkazi. Mwombe mwajiri akusaidie kuijaza wiki ya kwanza. Ukifika baada ya mwanzo wa Julai hutafikisha siku 183 mwaka huo, basi panga maisha kwa euro 960 mpaka Desemba. Hata wakikukata pungufu, hiyo tofauti iweke kando usiiguse, kwa sababu kodi ya mwaka huo inaweza kudaiwa baadaye.

Na kuna mtego wa kinyume. Ukianza, tuseme, Mei kama mkazi, mwajiri hukadiria mapato yako ya miezi minane tu, yanaonekana madogo, na kodi inaweza kushuka hadi sifuri. Unaona 1,290 inaingia, unazoea, unaahidi nyumbani. Januari hesabu ya mwaka mzima inaanza na mshahara unashuka euro 120 bila mtu kukuambia neno. Si wizi wala si kosa la mhasibu.

Chumba ndicho kitakachokula pesa kuliko vitu vingine vyote. Nyumba ya peke yako, hata kijichumba chenye jiko ndani, huanzia euro 900 hivi na kupanda. Kwa 1,170 haiwezekani. Utakodi chumba katika nyumba ya kushirikiana jiko na choo. Ndani ya barabara ya mzunguko ya M-30, yaani katikati ya mji, tegemea euro 550 hadi 700. Kusini, katika mitaa ya Usera, Carabanchel, Villaverde na Vallecas, vipo vya 400 hadi 500, na huko ndiko wanakoishi wafanyakazi wengi wa hoteli na mikahawa. Metro inafika kote huko. Nakushauri uanzie kusini.

Soma tangazo neno kwa neno. Gastos incluidos maana yake umeme, maji, gesi na intaneti vimo ndani ya kodi. Uliza kama kuna kikomo, kwa sababu wenye nyumba wengine huandika "vimo" kisha Januari wanadai ziada ya hita. Interior maana yake dirisha linaangalia kishimo cha ndani cha jengo, si barabarani. Chumba cha namna hiyo ni rahisi zaidi na kimya, lakini kwenye ghorofa za chini mwanga haufiki na nguo hazikauki. Ukienda kukiona, gusa ukuta nyuma ya kitanda na kona za juu za dirisha: ukikuta madoa meusi na rangi inabanduka, hiyo ni ukungu wa unyevu, na majira ya baridi utakohoa humo. Fungua bomba la maji ya moto usubiri mpaka lipate moto. Hesabu milango ya vyumba: watu saba na choo kimoja, nanyi nyote mnatoka saa 12 asubuhi, ni tabu ya kila siku.

Fianza ndiyo dipoziti. Kwa mkataba wa nyumba ya kuishi ni mwezi mmoja, na sheria inaruhusu mwenye nyumba kudai dhamana ya ziada isiyozidi miezi miwili. Kwa mikataba ya msimu, de temporada, dipoziti ni miezi miwili. Kwa chumba, mara nyingi utaombwa mwezi mmoja. Tangu sheria ya makazi ya Mei 2023, kwenye mkataba wa nyumba ya kuishi dalali hulipwa na mwenye nyumba, si mpangaji. Wengine hukwepa kwa kuandika mkataba wa msimu, basi angalia kichwa cha mkataba. Piga picha na video ya kila kona siku ya kupokea funguo, ndizo zitakazokurudishia dipoziti yako.

Usitume hata senti kabla ya kuingia ndani ya chumba kwa miguu yako mwenyewe. Hadithi ni ileile kila mwaka: picha nzuri, bei ya chini, mwenye nyumba "yuko nje ya nchi" na funguo zitakuja kwa posta ukishatuma dipoziti. Kwa mtu aliye Mombasa anayetaka kufika akiwa na pa kulala, mtego huu unashawishi sana. Lipia kitanda cha hosteli au cha nyumba ndogo ya wageni, pensión, kwa siku 10 hadi 12, kama euro 35 kwa usiku, utafute chumba ukiwa hapo hapo. Ni ghali, lakini ni rahisi kuliko kupoteza 900.

Swali la mwisho kwa mwenye nyumba: je, nitaweza kujiandikisha hapa? Kujiandikisha katika rejista ya wakazi ya manispaa, empadronamiento, ni bure na ni wajibu wa kila anayeishi mjini. Bila hiyo utakwama kwenye kadi ya hospitali na makaratasi mengine. Akikataa, ondoka. Na mtu akitaka kukuuzia anwani ya kujiandikishia, usikubali.

Baada ya mwajiri kukuandikisha hifadhi ya jamii, una mwezi mmoja wa kuomba kadi ya mgeni, TIE. Ada yake ni kama euro 16, inalipwa benki kwa fomu 790 namba 012. Miadi ya alama za vidole ni bure kwenye tovuti ya serikali, ila nafasi huisha haraka. Jaribu asubuhi mapema siku tofauti za wiki, na usiwape pesa wanaouza miadi.

Usafiri Madrid ni mzuri na hautakuumiza. Tiketi ya mwezi ya ukanda A, abono, bei yake rasmi ni euro 54.60, lakini ruzuku iliishusha hadi 32.70 kuanzia Julai 2025. Kama una miaka chini ya 26 ni rahisi zaidi. Kadi yenye jina lako na picha ni euro 4. Siku 30 zinaanza kuhesabiwa siku unapoitumia mara ya kwanza, si siku unayolipa. Kwako wewe wa jikoni cha kuangalia ni saa za zamu. Siku nyingi metro hufunga saa 7:30 usiku na kufungua saa 12 asubuhi. Ukitoka kazini saa 8 usiku, kuna mabasi ya usiku yanayoitwa búhos, mengi yakianzia uwanja wa Cibeles, na abono yako inayalipia. Kabla ya kuchukua chumba, angalia basi lipi la usiku linapita karibu. Teksi tatu kwa wiki zinaimeza ile tofauti ya kodi uliyoifurahia.

Sasa chakula. Mpishi hahitaji kufundishwa kubana jikoni, lakini vitu huku vina majina ya kupotosha. Kwanza uliza kama hoteli inakulisha wakati wa zamu. Hoteli nyingi hufanya hivyo, na mlo mmoja kwa siku tano za wiki unapunguza gharama yako karibu robo. Ukipika mwenyewe, euro 200 kwa mwezi zinatosha mtu mmoja kula vizuri. Nunua kwenye supamaketi kama Mercadona, Lidl, Aldi au Día. Duka la kona linalofungwa usiku wa manane ni la dharura tu, bei yake iko juu. Mercadona haifungui Jumapili, basi ukiwa na zamu ya Jumamosi, nunua Ijumaa.

Maharagwe yaliyo karibu na yetu ni alubias pintas. Nunua makavu kwa kilo, si ya kopo. Mchele wa kawaida hapa ni wa punje fupi ya mviringo, wa paella. Ukiupikia pilau utapata bokoboko. Tafuta paketi iliyoandikwa arroz largo au basmati. Tui la nazi lipo la kopo. Ndizi za kupika huitwa plátano macho na muhogo ni yuca. Utavipata rahisi kwenye maduka ya Walatini, yaani watu wa Amerika ya Kilatini, ya Usera na Vallecas. Badala ya sukuma wiki, acelga hupatikana mwaka mzima kwa bei ndogo, na ukiona berza sokoni ichukue, ndiyo inayofanana zaidi. Nyama ya halali iko mtaa wa Lavapiés, na ule wa Tetuán karibu na msikiti wa Abu Bakr. Kama huli nguruwe, tafuta neno cerdo kwenye kila paketi, hata ya dengu zilizopikwa tayari.

Unga wa sima ndio unaowakwaza wengi. Paketi ya manjano ya Maizena imeandikwa harina fina de maíz, "unga laini wa mahindi", lakini ni wanga mtupu. Ukiusongea sima unapata gundi inayong'aa. Harina P.A.N. ya Walatini ni mahindi kweli, meupe, lakini yameshapikwa na kukaushwa. Ukiumwaga kwenye maji yanayochemka unashika madonge papo hapo, na hata ukilainika hauvi kama wetu. Kinachofaa ni unga mweupe mbichi kutoka maduka ya Waafrika ya Lavapiés. Ukikosa, sémola de maíz isiyoandikwa instantánea, yaani ya papo hapo, hutoa sima ya manjano inayolika. Ni chenga nene, basi ipe moto mdogo na dakika nyingi zaidi. Bizari za pilau toa nyumbani, ni nyepesi na zinaruhusiwa. Nyama na vitu vya maziwa usipakie: Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuviingiza, vitachukuliwa forodhani.

Maji ya bomba ya Madrid ni mazuri kunywa, usinunue ya chupa. Mafuta ya alizeti ni rahisi mara kadhaa kuliko ya zeituni. Kula nje, mlo wa mchana wa bei moja unaoitwa menú del día, wenye sahani mbili, mkate, kinywaji na kitamutamu, ni kama euro 13 hadi 16. Mara moja kwa wiki ni sawa, kila siku hapana.

Kama umeme haumo ndani ya kodi, jua mambo mawili. Kila nyumba ina kiwango cha nguvu kilichonunuliwa, potencia, mara nyingi kilowati 3.45 au 4.6, na unakilipia kila siku hata ukiwa safarini. Mkiwasha oveni, mashine ya kufua na hita kwa pamoja, umeme unajikata. Hakuna kilichoharibika: zima kimoja, subiri, pandisha swichi kwenye boksi karibu na mlango. Pili, kwenye mkataba wa bei kwa saa, siku za kazi saa za ghali ni saa 4 asubuhi hadi 8 mchana na saa 12 jioni hadi 4 usiku. Saa za rahisi ni kuanzia saa 6 usiku hadi 2 asubuhi, na wikendi yote. Januari usiku hukaribia nyuzi sifuri, na hita ya kuchomeka ukutani ndiyo inayopandisha bili kuliko chochote. Nyumba yenye radieta za maji ya moto za jengo zima ni bora, hata kodi ikizidi euro 20. Koti zito na viatu tenga euro 100. Mashuka na blanketi nene 60. Plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi za huku, beba adapta.

Mengine ni madogo. Laini ya simu yenye bando la kutosha ni euro 10 kwa mwezi, unaisajili kwa pasipoti. Ukishaandikishwa hifadhi ya jamii, humlipi daktari wa umma. Dawa unalipa asilimia 40 ya bei kama mapato yako yanayotozwa kodi, baada ya kutoa punguzo za kisheria, hayafiki 18,000 kwa mwaka, na juu ya hapo asilimia 50. Meno ni ya mfuko wako kwa sehemu kubwa, kwa hiyo tibu jino linalouma ukiwa Mombasa. Benki, ulizia cuenta de pago básica: sheria inazuia ada yake isizidi euro 3 kwa mwezi.

Zile euro 2,200 zinagawanyika hivi: hosteli 420, kodi ya kwanza na dipoziti 900, chakula na vyombo vya kuanzia 250, koti na matandiko 160, abono, simu, kadi ya TIE na picha kama 75. Zinabaki karibu 400. Hizo ni za kodi ya mwezi wa pili, kwa sababu mshahara huja mwisho wa mwezi au siku za mwanzo za unaofuata, na ukifika tarehe 10 unalipwa siku ulizofanya kazi tu.

Ukishatulia, mwezi wa kawaida unaenda hivi: 1,170 zinaingia, chumba na bili 470, chakula 200, abono 33, simu 10, sabuni na usafi 25, dawa na nguo 40, kutoka kidogo 50. Zinabaki karibu 340. Mtumie mama 180, weka 160, mpaka uwe na kodi ya miezi mitatu benki. Malipo ya ziada ya Juni na Desemba, kama euro 1,270 kila moja baada ya kodi, yasiingie kamwe kwenye matumizi ya mwezi: humo ndimo mnamotoka karo, paa la nyumba, au tiketi ya kurudi kusalimia.

Unapotuma, usilinganishe ada. Wengi hutangaza "bila ada" kisha wanajilipa kwenye bei ya kubadilisha. Andika euro 180 kwenye kila programu na angalia shilingi ngapi zitafika kwenye M-Pesa ya mama. Anayefikisha nyingi ndiye wa kutumia siku hiyo. Na mwambie mama sasa, kabla hujaondoka, kwamba miezi mitatu ya kwanza hakuna kitakachokuja.